Ng'ambo ni Wapi, Zuhura?

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Barua hii sikuifunga. Atakayeivusha ziwa aisome, na wazee wa Umoja wetu wa Watu wa Ujiji hapa Baraka waisome kabla yake. Sina la kuwaficha.

Unakumbuka adhabu yako ya kwanza katika banda la Umoja? Mwenyekiti aliwauliza watoto, "Ng'ambo ni wapi?" Ukanyoosha kidole juu ya maji, kuelekea Ujiji. Banda zima likaguna. Kwao Ujiji ndiyo nyumbani. Ng'ambo ni hapa Baraka, tulipozaliwa wewe na mimi. Ukaambiwa uoshe masinia yote ya pilau. Ukaninong'oneza mimi mkubwa wako, mikono imejaa majivu, "Yaya, ule muzee anapotea. Ng'ambo mi naiona na macho yangu!" Nilicheka mpaka nami nikapewa masinia.

Sikatai, Umoja ulimzika baba kwa heshima. Lakini chama kilichoundwa ili wageni wasife wapweke kimegeuka zizi. Watu ambao hawajawahi kuiona Ujiji wanaadhibiwa kwa kusema "mutoto", eti wanapoteza lugha ya kwao. Kwao wapi?

Ulipotaka kuolewa na Asukulu, mkulima wa Nundu, wazee walikataa, nikabishana nao mpaka sauti ikakauka. Asukulu alikubali hata kusilimu. Mwenyekiti akasema, "Tumrudishe binti nyumbani." Tumrudishe! Mtu hurudi alikotoka, na wewe hukuwahi kukanyaga Ujiji. Ukapakiwa botini kama gunia la muhogo, nawe unapiga kelele, "Nitarudia, yaya! Mwambie Asukulu, nitarudia!"

Sasa wachuuzi wa dagaa wananiambia kwamba huko Ujiji shangazi uliyepelekwa kwake anakuita Mkongo, na watoto wanakucheka ukisema "batu" badala ya "watu". Wanakuita mtu wa ng'ambo. Niliposikia hayo nilipiga meza, na sikujua ni nani tena wa kumtukana.

Nilikwenda Fizi kukuombea ruhusa ya kuingia tena huku. Bwana mkubwa wa serikali akasema hatoi mpaka mwenyekiti wa Umoja akushuhudie kuwa mtu wa hapa. Mwenyekiti akajibu, "Zuhura alikwisha rudi kwao." Mlango ukafungwa.

Unajua nilivyotaka kuondoka. Nilikuwa nimefunga mizigo niende Usumbura, kwenye magazeti na watu wa kugombana nao kwa kalamu. Ndipo mzee mwenyekiti akaachia kiti, macho yamemwishia nuru. Hakuna aliyekitaka: mwenyekiti huwajibika mbele ya serikali kwa ajili yetu sote, na haruhusiwi kuhama.

Nimekikubali, Zuhura. Wazee wakapiga makofi: "Hatimaye huyu mbishi amepata akili!" Siku iliyofuata nikapanda tena Fizi, nikamwambia bwana mkubwa, "Zuhura ni mtu wa Baraka." Ruhusa yako ninayo.

Mizigo nimeifungua. Kuna usiku kifua kinabana kama nimelaliwa na ng'ombe. Nimo ndani ya zizi nililolitukana miaka yote, ila mlango sasa naushika mimi. Pita.

Asukulu bado hajaoa. Kila siku ya soko ananisimamisha: "Shemeji, habari ya ng'ambo?" Na anatazama upande uleule uliouonyesha wewe.

Njoo umjibu mwenyewe.

Yaya wako,
mwenyekiti wa watu wa ng'ambo