Bibi Yangu Amependa Daktari wa Simu, na Huyo Daktari ni Mimi

Mpendwa mshauri Khavere, naomba msaada haraka, na tafadhali usinicheke kwanza. Mimi ni dereva, mtu mzima, niko mtaa wa Umoja na bibi yangu, tumwite Nthoki, na yeye na wamama wa chama chake wanajua hii corona kuliko mimi, wanajua dalili, wanajua kunawa, na kila nikipita na barakoa imeshuka wanaita, "Mzee, siku hizi unapumulia kidevu?" wanacheka mpaka chai inamwagika, sasa nikaona siku moja nitawaonyesha hawajui kitu, nikajifungia choo, nikabana pua, nikajirekodi kwa simu eti mimi ni Daktari Mativo wa ng'ambo na mwanamke akidungwa hii chanjo anaota ndevu, nikamtumia jirani yetu Amondi kwa laini mpya, yeye akaitupa kwa grupu yao ya WhatsApp, nikangoja wacheke.

Hawakucheka. Amondi alikimbilia kioo akapata nywele mbili kidevuni, na hata hajadungwa, anasema alipita tu karibu na kliniki! Dada yangu amenitumia hiyo sauti kutoka mji wa Wote akisema nimchunge Nthoki. Na Nthoki, mshauri, ako na sukari, alikuwa adungwe Jumamosi, sasa amekataa kabisa. Nikimwambia ni uongo ananiuliza, "Kati yako na daktari, nani amesoma?" Halafu anaicheza tena, anafunga macho. "Sikia vile anaongea pole pole. Huyo ni mwanaume anajua kuelezea mwanamke." Mimi tangu nimuoe hajawahi kunifungia macho! Naona wivu, mshauri, wivu ya mimi mwenyewe. Nikikiri atanifukuza, nikinyamaza hii corona inaweza kumchukua. Nifanye nini?

Mkosaji, Umoja.

*

Mzee wangu, nimecheka mpaka barua ikaanguka, halafu nikakumbuka kuna mama ana sukari na hajadungwa, nikaacha.

Ulitaka kuonyesha wanawake hawajui kitu. Walikuamini kwa sababu ulijiita daktari, ukaongea kwa upole, na tangu chanjo ifike hakuna mtu ameketi nao kujibu maswali yao. Wewe uliwahi kumuuliza Nthoki anaogopa nini? Unamwongelesha kama unaita abiria, halafu unashangaa akifungia macho mtu mpole. Huo wivu ukukute tu.

Sasa kazi. Leo jioni usianze na pole, anza na pua. Ibane mbele yake, sema maneno ya huyo daktari wako, na usicheke kabla yeye hajacheka. Akirusha mwiko, inama. Kisha jirekodi tena kwa sauti yako mwenyewe, useme ulidanganya, na utumie grupu yote, na dada yako pia, maana uongo wako umeshafika Wote. Halafu nenda kliniki uombe nesi aje siku ya chama. Waache wamama wamuulize mpaka wachoke. Wewe pika chai, vaa barakoa vizuri, na usimjibie hata swali moja.

Jumamosi msindikize Nthoki. Mkifika mlangoni akisita, usimvute mkono, mwili ni wake. Akikubali, iwe ni kwa sababu yake. Akikataa, iwe ni kwa sababu yake. Ile sababu yako ya uongo iondoe leo.