Kompresa ya Nang'olo

Jumatatu, 18 Novemba 1996

Nang'olo, gari langu, kakataa kuwaka tena. Majirani watatu wamenisaidia kumsukuma hadi kwenye mteremko wa Mkomaindo. Akakohoa, akakubali. Nimefika sokoni nimechelewa na nimenuna.

Jina nilimpa mwenyewe. Kwa Kimakonde ni mzee, na mzee ni mzee kweli. Mradi wa maji ulipofungwa na wageni wakarudi kwao, gari walimwachia marehemu mume wangu, aliyekuwa dereva wao. Marehemu akaniachia mimi. Ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani, na ndiye mkaidi kuliko wote niliowahi kuishi nao.

Mhariri wa gazeti ninaloliandikia baada ya vipindi vya shule karudisha makala yangu. Anasema ni kali mno. Nimemjibu kwa barua kali zaidi.

Habari kubwa: madaktari wa macho wanakuja hospitali yetu hapa Masasi. Siku tatu tu, kuanzia Jumatano tarehe 4 Desemba. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka jana walikuja pia. Mvua ikaniwahi, nikakwama na Mama kwenye kilima cha Newala, tukafika siku moja baada ya wao kuondoka. Mama hakulalamika. Heri angelalamika.

Nimemtumia ujumbe aje mapema, kabla ya mvua. Jibu limerudi leo: haondoki bondeni, chini ya Newala, kabla korosho zake hazijaokotwa zote. Haoni, lakini anaziokota kwa nyayo. Anapita chini ya mikorosho pekupeku, akikanyaga korosho anainama. Nimebishana na mama huyu tangu nijue kusema. Sijawahi kushinda.

Nitamfuata tarehe mosi. Basi haliteremki kule. Ni Nang'olo au hakuna.

Jumatano, 20 Novemba

Ausi kaja kutoka Lupaso na baiskeli, nyuma kafunga kitu ndani ya gunia. Ausi ni fundi na ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Kwa desturi yetu angeweza kunioa, na kwa sababu hiyo ana ruhusa ya kunitukana mpaka kaburini.

"Mke niliyenyimwa, hujambo? Nimekuletea mahari. Imechelewa miaka thelathini."

Ndani ya gunia: kompresa, mashine ya kubana upepo. Ndogo, kama birika, imetoka Dar kwenye gari lililokatwa kuwa chuma chakavu.

Nimeuliza ya nini. Kumbe Nang'olo ana siri. Ndani ya difu yake ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, mna kufuli, kazi ya wale wageni. Kufuli hiyo hufungwa kwa upepo, na kompresa ya upepo iling'olewa kabla gari halijatufikia. Miaka minne naendesha mzee mwenye kufuli isiyo na ufunguo.

Kanieleza kwa kuchora chini kwa kijiti. Gari likiingia matopeni, gurudumu moja huteleza, jingine hushika. Difu ya kawaida hulipa nguvu zote lile linaloteleza. Lile lililoshika ardhi halipati kitu. Limesimama, linatazama mwenzake akichafua watu.

Nikamwambia hilo ndilo soko huria lenyewe. Sijawahi kusikia likielezwa vizuri hivyo. Nikaanza kuandika akilini.

"Na ukifunga kufuli," akasema, "magurudumu yote mawili yanakwenda sawasawa, linaloteleza na lisiloteleza."

"Ujamaa!"

"Ndiyo. Na ukiisahau imefungwa kwenye barabara kavu, unavunja ekseli."

Nikafuta niliyoanza kuandika. Nimesoma vitabu vingi kuliko yeye. Mama Rehema, mke wake, angekuwepo angecheka mpaka akae chini.

Alhamisi, 21 Novemba

Kazi imeanza. Mimi nasoma karatasi ya maelekezo, Ausi hasikilizi. Karatasi inasema kompresa ikae juu, pakavu, mbali na joto la injini. Ausi kaifunga chini ya kiti cha abiria bila kusoma. Pakavu, juu, mbali na joto. Nimeudhika.

Waya kutoka betri, fyuzi, rilei, swichi kwenye dashibodi. Swichi ina kitaa chekundu. Nimebishana kuhusu mahali pa kutoboa dashibodi. Kanipa spana nishike ili ninyamaze. Nimegundua baada ya nusu saa kwamba spana ile haikuwa na kazi.

Nilicheka peke yangu jikoni.

Jumamosi, 23 Novemba

Mpira mwembamba unaopeleka upepo kwenye difu umeziba. Nyigu wamejenga udongo ndani. Kununua mwingine ni mpaka Dar. Ausi anataka spiriti ya kuusafishia pamoja na valvu inayofungua na kufunga upepo. Madukani hakuna. Soko huria limetuletea chupa za manukato za aina saba na hakuna spiriti.

"Nipa inatosha," akasema. "Mafundi wengine wanaoshea hata kabureta."

Ausi hakosi msikitini. Mimi nimeandika makala tatu dhidi ya nipa, gongo hii ya mabibo, nikaiita moto unaonywewa. Tukatazamana. Msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho, mji mzima unanuka pombe ya mabibo, na sisi wawili hatujui hata inavyoonekana.

Nimekwenda mimi. Mtandio usoni, saa nane mchana, mpaka kwa Bi Maimuna, mpishi wa pombe, nyumba ya nne kutoka kwangu. Nikasema "chupa moja" na kuonyesha kidole. Sikutaja jina la kitu. Akanipa bila kuuliza, akanishika mkono kwa upole uliozidi. Nikaondoka kama mwizi.

Pombe ile ilikuwa na ukungu kidogo. Ausi akauliza kama ni sawa. Nikasema ukungu ni ukali. Kwa sauti ya mwalimu, ile isiyoulizwa mara mbili.

Tumeosha mpira, tumeosha valvu. Tukabonyeza swichi. Kompresa ikanguruma, ikajaza, ikajizima. Tukapaka povu la sabuni kwenye viungo, hakuna pumzi inayotoka. Nyuma, chini, tak! Kufuli imeshika.

Nimemkumbatia Ausi mbele ya watu. Kasema sasa italazimu mkewe aambiwe.

Jumapili, 24 Novemba

Baada ya ibada tumekwenda kujaribu kwenye mchanga wa Chiwata. Nimebonyeza swichi. Kitaa kimewaka. Hakuna kitu. Gurudumu moja linachimba, jingine limesimama. Nikabonyeza tena. Na tena. Watu wakakusanyika, wakatusukuma.

Nilimwambia Ausi kwamba kompresa ni mtumba na fundi naye ni mtumba.

Huo ni utani wetu wa kila siku. Amenitukana vibaya zaidi ya hapo. Lakini sauti yangu haikuwa ya utani, na yeye alisikia. Hakujibu. Binamu asipojibu utani, kuna kitu kimekatika. Alishuka njiani, akatembea.

Nina hasira naye. Nina hasira nami. Siku kumi zimebaki.

Jumatatu, 25 Novemba

Sisimizi.

Nimeamka, nimekwenda kumtukana Nang'olo, nikawaona. Mstari mweusi umepanda gurudumu la nyuma, umefuata mpira wa upepo, umeingia kwenye valvu. Mamia. Nimeigusa valvu, vidole vimenata. Nikaonja.

Sukari.

Nimekaa chini kwenye vumbi na gauni la kazini.

Nimekwenda kwa Bi Maimuna bila mtandio. Nimemweleza yote. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu, ile ni uraka! Juisi ya mabibo iliyochacha tu. Nipa ni ile iliyopikwa, nyeupe kama maji."

Kwa nini alinipa uraka?

"Ulivyojifunika, nikajua leo mwalimu ameshindwa na dunia, anaanza kunywa. Nikakuhurumia. Mtu haanzi na nipa."

Nimeandika makala tatu dhidi ya kitu nisichoweza kukitambua kikiwa mkononi mwangu. Na mwanamke niliyemwandika aliniona nimevunjika, akanipa iliyo laini. Naliandika hapa kwa sababu gazetini sitaliandika. Labda nitaliandika.

Kanipa chupa ya nipa ya kweli. Kakataa chochote. Kasema mpelekee Mama salamu.

Jumanne, 26 Novemba

Nimekwenda Lupaso kwa baiskeli. Jua kali, mchanga, nimeanguka mara moja. Nimemkuta Ausi kivulini anatengeneza jiko la Mama Rehema. Hakuinua kichwa.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Sababu tatu, hitimisho. Nikaisahau. Nikasema tu: ilikuwa uraka, sukari imegandisha valvu, sisimizi wameivamia, kosa ni langu, nimekuja kutaniwa.

Akaendelea na jiko. Mama Rehema alisimama mlangoni akiuma upindo wa khanga.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "umelewesha gari."

Mama Rehema akapasuka kwa kicheko. Nami nikalia kidogo, nikasingizia vumbi.

Jumatano, 27 Novemba

Maji ya moto kwanza, kutoa sukari. Kisha nipa. Kisha tukapuliza kwa kompresa yenyewe mpaka mpira ukakauka. Ausi kafungua valvu vipande vipande juu ya gazeti lenye makala yangu. Kasema hatimaye imefanya kazi.

Tak! Mara kumi na mbili tumejaribu. Mara kumi na mbili.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua. Haikunyesha, ilimwagwa. Naogopa.

Jumapili, 1 Desemba

Bondeni. Tumeshuka kilima cha Newala polepole, gia ya kwanza, mimi na Ausi. Udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kushuka ni kushuka. Kesho ni kupanda.

Mama kazitambua hatua zangu kabla sijapiga hodi. Nikatoa shikamoo. "Marahaba. Umekonda," kasema. Kajuaje? Kasema watu waliokonda hukanyaga kwa haraka. Ausi akamwamkia shangazi yake, akaulizwa kama bado ananisumbua. Akasema yeye ndiye anayesumbuliwa.

Korosho zake zimekwisha, ziko katika magunia. Kazichagua kwa mikono, nzima upande huu, mbovu upande ule. Nimekagua gunia moja kwa siri. Hakuna mbovu hata moja.

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Tukangoja. Saa nne ikapungua, tukaondoka. Mama mbele, juu ya kompresa. Ausi nyuma. Mimi usukani.

Ni kona ileile. Mahali pale pale pa mwaka jana. Nang'olo akapanda nusu, gurudumu la kushoto likaanza kupiga kelele na kurusha matope, tukasimama. Tukaanza kurudi nyuma. Upande wa kulia ni korongo.

Mama akasema, kwa utulivu, "Ni hapa, siyo?"

Alikuwa anakumbuka. Hakuona na alikumbuka.

Nikapapasa dashibodi, swichi sikuiona. Ausi hakupiga kelele. Alinyoosha mkono kutoka nyuma, akaushika wangu, akauweka juu ya swichi. Nikabonyeza.

Kitaa chekundu. Kompresa ikanguruma chini ya Mama.

"Mmefuga nyuki humu ndani?"

Nilikuwa nahesabu moyoni. Tak! Nikaachia klachi taratibu. Nang'olo akatetemeka mwili mzima. Gurudumu la kulia, lile lililosimama mwaka jana likitazama, likashika jiwe. Akajivuta. Akajivuta tena. Kona ikapita chini yetu polepole kama kitu cha kuota.

Juu, Newala, barabara ngumu. Nikazima swichi bila kukumbushwa.

"Ekseli," nikamwambia Ausi.

"Ekseli," akasema.

Mama akatangaza kwamba tumepanda. Ausi akaanza kuimba vibaya. Mama akaimba naye, vibaya vilevile, mpaka Masasi.

Jumatano, 4 Desemba

Tulikuwa wa pili kwenye foleni. Wamemchukua. Jicho la kulia kwanza, la kushoto kesho kutwa. Nimekaa kwenye benchi na kitabu, ukurasa mmoja, saa mbili. Ausi kaleta chai. Bi Maimuna kaja na uji wa Mama na hakutania hata kidogo, jambo lililonitisha zaidi ya yote.

Mama katoka na bandeji. Kasema daktari ana mikono laini kama ya mtu asiyelima.

Alhamisi, 5 Desemba

Wamefungua bandeji.

Alinitazama. Muda mrefu.

"Una mvi," akasema. Akanigusa kichwa. "Una mvi kama mama yangu."

Basi.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua nyepesi. Sijaenda kanisani.

Mama ana macho mawili sasa. Tangu jana anatazama vitu: kuku, kuta, mikono yake. Anauliza majina ya rangi za khanga za majirani ingawa anazijua. Bi Maimuna kapita na khanga tatu, moja baada ya nyingine, makusudi.

Nimeanza makala mpya. Haina adui. Sijui itakwendaje.

Leo asubuhi Mama kaomba aonyeshwe nyuki. Nimemketisha mbele ndani ya Nang'olo, uwanjani, injini ikiwaka. Ausi alikuwa chini ya gari, anakaza kitu ambacho hakikulegea. Nikamwonyesha Mama swichi. Akaibonyeza mwenyewe, kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayegusa yai.

Kitaa kikawaka.

"Chekundu," akasema.

Hakukizima. Nasi hatukwenda popote. Tukakaa tunakitazama.