Kuhusu Msumeno Uliofungwa kwa Mpira

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituo cha polisi, Newala, Ijumaa tarehe 10 Novemba 2023, saa 2:40 asubuhi.

Jina: Bibiana Yeremia. Umri: miaka 43. Kabila: Mmakonde. Dini: Mkristo. Kazi: mkulima wa korosho. Makazi: Newala mjini.

Mimi ni mke wa marehemu Ladislaus Zabroni, fundi seremala. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia mmemweka ndani Salmini Halfani kwa kifo cha mume wangu, na nataka kusema nilichokiona kabla maneno ya barazani hayajawa ushahidi.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kibanda cha bati nyuma ya nyumba yetu. Msimu wa korosho kila mtu anataka mlango mpya, na mbao alizipasua kwa mkono. Mwezi uliopita alinunua msumeno wa umeme uliotumika, ule wa kushika mkononi, akaamua kuuunganisha na meza yake ya kazi. Alitoboa meza, akaugeuza msumeno juu chini, diski yenye meno ikachomoza kwenye tundu. Salmini, ambaye ni fundi wa kuchomelea ng'ambo ya barabara, alimtengenezea fremu ya chuma ya kuushikilia.

Swichi ya msumeno ule ni ya kubonyeza kwa kidole, ukiachia, unazima. Kule chini ya meza huwezi kupasua mbao huku umeibonyeza. Mume wangu alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli akaifunga swichi ibaki imebonyezwa. Kuwasha ikawa ni kuchomeka plagi ukutani, na kuzima ni kuichomoa.

Salmini ni Myao wa Masasi, na ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani tangu mababu. Afande anajua utani ni nini, ila naomba aandike. Na mtani wako mnatukanana na hamkasirikiani. Akichukua kitu chako, huwezi kukidai. Ukifa, yeye ndiye wa kwanza kupiga jembe kwenye kaburi lako, na pale msibani anakusema vibaya mpaka wafiwa wacheke.

Jumapili tarehe 5, baada ya misa, majirani walikuja kuutazama msumeno. Salmini alisema mbele ya watu: "Mmakonde, fungua huo mpira. Umeme utakatika, utarudi wewe umeinama, nami nitakuzika korosho hazijaisha shambani." Mume wangu akamjibu: "Utanizika wewe Myao? Wewe mwenyewe njaa inakuchungulia." Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Hayo ndiyo maneno mliyoambiwa kuwa ni vitisho.

Jumatano tarehe 8 jioni Salmini alirudi. Hakuketi. Alisema, "Ladislaus, leo sitanii. Nisubiri kesho nikuwekee swichi ya kuzimia kwa goti." Mume wangu alinigeukia akasema, "Mama Pili, umemsikia? Huyu anatania hata kutotania." Salmini hakucheka. Alitoa kisu, akainama chini ya meza, akaukata ule mpira, akautia mfukoni, akaenda zake.

Jirani yangu Sijaona alikuwa akipita, akamwona na kisu kwenye mashine. Hakuwaambia uongo. Ila hakuona kilichofuata. Mume wangu alicheka mpaka machozi, akasema mtani haibi, akakata ukanda mwingine kwenye tyubu ile ile na kuifunga swichi upya. Mpira mliomkuta nao Salmini mfukoni ni ule wa kwanza. Huu uliomuua mume wangu bado uko chini ya meza, nendeni mkautazame.

Jana Alhamisi, kama saa tisa alasiri, umeme ulikatika. Nilikuwa mlangoni nikitenganisha korosho na mabibo. Msumeno ulipunguza kasi taratibu ukasimama. Mume wangu alisema, "Wameshaanza." Kibanzi kilikuwa kimebana kando ya meno, nikamwona anainama kukitoa kwa mkono wa kulia. Plagi ilikuwa bado ukutani, karibu yangu. Sikuiwazia. Kwetu umeme ukikatika mtu anaona kazi imeisha, hakuna anayehangaika kuchomoa kitu.

Redio ilianza kuongea ndani ya nyumba. Nadhani redio niliisikia kwanza. Shati lake lilikuwa la mikono mirefu. Lilishikwa na meno, likamvuta. Hakupiga kelele. Alisema "Eh," kama mtu aliyesahau kitu. Nilichomoa plagi.

Salmini alifika akikimbia, miwani ya kuchomelea ikiwa bado usoni. Alivua shati lake akamfunga juu ya kiwiko, tukampakia kwenye bajaji. Mume wangu alifariki njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Salmini. Inaniuma sana kwamba mlimkamata mtu huyo pale pale hospitali, damu ya rafiki yake haijakauka mikononi.

Maziko ni leo alasiri. Kaburi halijachimbwa. Vijana wapo, lakini wazee wa ukoo hawataki mtu mwingine atangulie kupiga jembe wakati mtani yuko hai. Naomba aachiwe.

Asubuhi hii nimempita Salmini mahabusu, ameketi sakafuni, nikamtania ili asimame: "Myao, kumbe umejenga nyumba ya nondo." Hakunirudishia. Alisema, "Shemeji, nisamehe." Mtani haombi msamaha. Hapo ndipo nilipoogopa, kuliko hata jana.

Afande ameniuliza kama nililiamini onyo la Jumatano. Nimemjibu kuwa sikuliamini, wala mume wangu hakuliamini. Angelisema mtu mwingine yeyote, Ladislaus angekuwa hai.

Nimesomewa niliyoyasema, na ni maneno yangu, hayakuongezwa wala kupunguzwa.

(Sahihi) Bibiana Yeremia

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Anthony Petro. Baada ya kusaini, shahidi alitupeleka eneo la tukio. Chini ya meza tumekuta ukanda wa mpira mweusi umefungwa kwenye swichi ya msumeno. Mtuhumiwa ameachiwa kwa dhamana saa 5:30 asubuhi na kusindikizwa makaburini.