Bakuli la Karanga Nililijaza Mimi

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako kabla sikukuu haijafika, maana zimebaki wiki tatu tu na mimi kila nikishika mkasi nakata kitambaa cha mteja vibaya. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, nina miaka arobaini na moja, na hili nitakalokueleza sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Ili unielewe itabidi nianzie mbali, utanisamehe. Mama yetu alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na sita, na nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje, lakini siku ya sikukuu ilijaa watoto kuliko darasa, sisi wenyewe, watoto wa mama mdogo, watoto wa majirani, na chakula cha mchana kilikuwa hakiivi mpaka saa nane, siku nyingine saa tisa, huku harufu ya nyama na vitunguu imeshaenea ua mzima tangu saa nne, na watoto wanalia njaa, wanasukumana, wanachungulia sufuria. Akina mama wengine walikuwa wanafukuza watoto kwa mwiko. Mama yetu alikuwa anatoka na sinia kubwa la bati, anatandika mkeka barazani, anapiga makofi mara mbili na kuita, "Nani anatafuta kibarua?" Wote mbio.

Kibarua chenyewe kilikuwa hivi, kuna wa kumenya mayai ya kuchemsha bila kuyachubua, kuna wa kukata mkate kwa mdomo wa glasi utoke duara, halafu duara lile tunalitengeneza sura ya mtu, macho ya karoti, mdomo wa nyanya, nywele za kabichi iliyokunwa, na tulikuwa tunacheka mpaka tunalala chini maana kila sura ilifanana na mjomba fulani. Mimi nilipenda ndizi. Unakata vipande, unachoma kila kipande kijiti cha meno, unachovya kwenye asali, unavingirisha kwenye karanga zilizokaangwa na kupondwa. Sheria ya mama ilikuwa moja, "Kimoja cha sinia, kimoja cha mdomo," na ukidokoa cha pili unarudishwa bombani kunawa mikono upya na zamu yako imepita. Chakula kikubwa kilipoiva hakuna aliyekuwa ameshiba wala hakuna aliyekuwa amelia. Mshauri, mpaka leo mteja akiingia dukani kwangu anatafuna karanga, nasikia sakafu ile ya baridi ya baraza chini ya mapaja yangu.

Mama sasa ana miaka sabini na mitatu. Baba hayupo. Kibarua aliendelea nacho kwa wajukuu, ila miaka hii miwili ameanza kusahau vitu vidogovidogo, ameunguza birika, anamwita binti yangu kwa jina langu, siku moja alikwenda sokoni na kikapu akarudi na mboga mkononi bila kikapu. Tulikuwa tunacheka naye.

Kaka yangu ni msimamizi wa ghala, mkewe ni mwalimu, na kitindamimba wao ni msichana wa miaka sita tunayemwita Kibogoyo kwa sababu meno ya mbele yalimtoka yote kwa mpigo. Daktari aligundua kwamba karanga kwa mtoto huyu ni sumu, mwili wake hauzikubali kabisa. Kaka alitupigia simu wote, mmoja mmoja. Mimi nilipokea nikiwa nimebana pini mdomoni, nikasema "mmh, mmh, nimesikia," nikaendelea kushona.

Sikukuu iliyopita tulikutana kwa mama. Mama alitandika mkeka, akapiga makofi, na safari hii, badala ya karanga, aliponda biskuti. Mimi nilikuwa jikoni na masufuria matatu motoni, mtoto mmoja akaja na bakuli tupu, akasema, "Shangazi, zimeisha." Nikafungua kabati, nikaona kopo la karanga, na nakuapia mshauri, sikufikiria kingine chochote isipokuwa utoto wangu. Nikazikaanga haraka, nikazitwanga, nikalamba mchi, machozi yakanilenga kwa raha. Nikajaza bakuli, nikampa mtoto arudi nalo. Mama alikuwa bombani ananawisha wadogo, hakuona.

Haikupita robo saa. Kibogoyo alianza kujikuna shingo, midomo ikavimba, sauti ikakauka. Kaka alimbeba, wakaondoka na gari mbio hospitali, akachomwa sindano, na Mungu ni mwema, jioni alirudi mzima anauliza paja lake la kuku liko wapi. Lakini wifi yangu aliporudi alisimama katikati ya sebule, akamwambia mama mbele yetu wote:

"Mama, tulikwambia. Mara mbili tulikwambia. Unataka kuniulia mtoto?"

Mama aliliendea bakuli, akachovya kidole, akaonja. Nikaona uso wake unaporomoka. Akasema, "Nilidhani nimeponda biskuti." Akafuta kidole kwenye kanga, akasema, "Basi nimesahau. Nisamehe, mwanangu."

Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuniko wa sufuria mkononi, mshauri, nikarudi jikoni kufunika sufuria. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, sasa ni mwaka unakaribia.

Kaka aliondoa mtungi wa gesi nyumbani kwa mama, binti wa jirani ndiye anayempelekea chakula. Mama alikubali kila kitu. Amebandika vikaratasi ukutani, "funga bomba," "funga mlango," "muulize mtu kwanza." Wajukuu wakija anakaa kiti cha mbali na mikono mapajani. Sinia alinipa mimi, akasema, "Chukua, mikono yangu hii isilishe tena mtoto wa mtu." Na sikukuu hii tunakula kwa kaka, baada ya chakula kuna kikao cha kuamua mama ahamishiwe chumba cha uani kwao na nyumba yake ifungwe.

Nikisema ukweli wifi hatanitazama tena na kaka ataniona muuaji. Nisiposema, mama yangu anafungiwa nyumba kwa kosa langu. Kuna siku najifariji kwamba mama kweli anasahau, kwa hiyo siku moja lingetokea tu hata bila mimi. Nifanyeje?

Ni mimi fundi, niliyejaza bakuli.

*

Fundi,

Mtoto alipona. Hilo lishukuru kila unapoamka, halafu tuendelee.

Kusahau si kosa la kukutoa machozi mwaka mzima. Jiko la sikukuu lina moshi, makelele na watoto kumi wanaokuita kwa pamoja, na wewe ulisikia harufu ya nyumbani kwenu ukarudi kuwa na miaka saba. Nakuelewa. Kwetu bibi alikuwa anatupa unga kidogo tufinyange wanyama na kuwakaanga, na ng'ombe wangu hakuwahi kuwa na miguu minne, na leo hii natoa chochote nimuone bibi ananyoosha ule mguu wa nne kwa kidole chake. Kwa hiyo kwa karanga, nakusamehe haraka.

Kwa ukimya, hapana. Onyo la karanga ulilisahau, lakini ukimya umekuwa ukiukumbuka kila siku na kuuchagua kila siku. Ulimwona mama yako anaonja lile bakuli na kuacha kujiamini mbele ya macho yako, nawe ukashika mfuniko. Unaogopa wifi atanuna? Anune. Ana haki.

Na ile faraja yako kwamba mama kweli anasahau, itupe leo. Anasahau birika, anasahau kikapu, sawa. Sasa soma tena barua uliyoandika kwa mkono wako. Siku ile, kati ya watu wazima wote mliokuwa ndani ya nyumba ile, nani alikumbuka? Mwanamke wa miaka sabini na zaidi aliacha mazoea ya maisha yake yote, akaponda biskuti kwa ajili ya mjukuu mmoja. Aliyesahau ni wewe, mwenye macho ya kupitisha uzi kwenye sindano.

Wasomaji wangu, barua hii ilinifikia Jumatatu na gazeti linatoka Jumamosi. Fundi alikuwa ameandika namba yake chini, nami sikuweza kungoja. Nilimpigia, nikamwambia aende kwa mama yake kabla ya wiki kwisha. Alikwenda Jumatano, na yaliyotokea ameniruhusu niyaandike.

Alimkuta mama yake sebuleni, anakunja nguo. Akapiga magoti, akasema yote kwa pumzi moja. Mama aliendelea kukunja shuka mpaka pembe zikakutana. Kisha akauliza, "Biskuti niliziponda?"

"Uliziponda, mama."

"Mimi mwenyewe? Si kwamba nilitaka tu kuziponda?"

"Wewe mwenyewe. Za pakiti mbili."

"Kwa hiyo sikusahau."

"Hukusahau, mama. Ni mimi."

Alimfanya arudie mara tatu. Halafu akainuka, akaenda ukutani, akabandua kikaratasi kimoja, kile cha "muulize mtu kwanza," akakichana vipande vidogo sana. Na hapo ndipo hasira ilipokuja. "Mwaka mzima, wewe! Mwaka mzima naogopa hata kummenyea mtoto chungwa! Toka. Nenda kwako, chai sikupi."

Fundi, ulinipigia unalia kwamba mama amekufukuza. Mimi nilifurahi, na nakwambia tena mbele za watu: nilifurahi. Anayeweza kukukaripia hivyo amerudi kukaa kwenye kiti chake. Na kesho yake asubuhi si alikupigia mwenyewe? "Hasira haijaisha, lakini njoo na mkate." Ulikwenda na mkate. Vizuri. Endelea kwenda, na akikukaripia tena, ukae ukaripiwe.

Sasa bado kaka na wifi, na hapa usinifanyie ujanja. Usimtume mama akusemee. Usiandike ujumbe wa simu. Nenda, kaa nao, na neno lako la kwanza liwe "ni mimi." Hadithi ya utoto na harufu ya karanga iache nyumbani kwako, ni nzuri, nimeipenda, lakini mama wa yule mtoto hahitaji kuisikia siku hiyo. Usitie "lakini" popote. Wifi akipayuka, msikilize mpaka achoke, kwa sababu alimwona mwanawe akishindwa kupumua na hofu ile bado inamkaa kifuani. Akishanyamaza, mwombe jambo moja tu, kwamba aende kwa mama mkwe wake akamwambie mwenyewe kuwa alimkosea. Ni mwalimu, anajua kusahihisha.

Kaka yako mwambie kwamba mambo ya kumbukumbu ya mama yanapimwa na daktari, hayapimwi kwenye kikao baada ya kushiba. Apelekwe, aangaliwe, tujue ukweli ulipo, maana birika liliungua kweli na sitaki mdanganyane kwa upande mwingine. Ikionekana anahitaji msaada, apewe msaada, naye akiwa amekaa humo humo kikaoni na kusema anachotaka. Lakini nyumba haifungwi kwa kosa ambalo hakulifanya.

Na siku ya sikukuu, kibarua kirudi. Kianze saa nne, kisimame saa nzima kabla ya chakula. Mayai ya kuchemsha kwa wenye subira, mkate wa duara na sura za wajomba, karoti na matango kwa wanaopenda kukuna, ndizi na asali kwa wenye vidole vya kunata. Biskuti ziwe zile ambazo wifi mwenyewe amesoma maandishi ya pakiti yake, neno kwa neno. Karanga zisivuke kizingiti, hata moja, hata mfukoni mwa mtu. Mama akae katikati ya mkeka, au kwenye kiti kama magoti yanamsumbua, atoe amri, na Kibogoyo akae karibu naye kuliko wote, ili watoto na wakubwa wote waone mikono ile inamlisha nani.

Wewe siku hiyo hupiki. Kazi yako ni moja, kulinda mabakuli. Likiisha, liishe.

Umeniambia kaka yako Jumamosi anakuwa nyumbani. Leo ni Jumamosi. Kunja gazeti, funga duka, vaa viatu, nenda.