Trakta ya Kilima cha Mjomba Banza

Jumapili, 5 Mei 2013

Mjomba amefika! Kabeba mabegi mwenyewe, kakataa kigari cha uwanja wa ndege, kaniambia nimekonda. Sijakonda. Nimecheka njia nzima kutoka uwanja wa Zaventem mpaka hapa kwangu Auderghem, huku ughaibuni.

Hervé naye alikuwepo, amejibanza nyuma ya mashine ya kahawa. Kwetu mkwe haongei na mjomba wa mchumba wake mpaka mahari ipokelewe. Hata kumtazama machoni si adabu. Basi mume wangu mtarajiwa, mtu mzima, mwenye ofisi mtaa wa Schuman na kadi ya kufungulia milango, alikuwa anachungulia kati ya vikombe vya karatasi. Nikageuka upande mwingine nisije nikaangua kicheko mbele ya watu.

Mjomba ndiye aliyenilea tangu mama afariki, kwa hiyo yeye ndiye wa kula mahari yangu. Hakutaka suti, hakutaka mbuzi. Ametaka trakta ya kukatia nyasi kwenye kilima chake kule kwetu, juu ya mji wa Moba, maana kila kiangazi ng'ombe wake wanakonda kwa kukosa nyasi zilizokaushwa. Na kilima chenyewe kimejaa mawe. Alishamwambia papa Constant, mshenga wetu: mashine ikishindwa na mawe, harusi ingoje. Na Mjomba anarudi nyumbani mara tu baada ya Pentekoste.

Sasa amelala sebuleni, miguu juu ya kochi langu. Nina furaha ya kijinga.

Jumanne, 7 Mei

Hervé kamtuma papa Constant na maswali. Kilima kimeinuka kiasi gani? Mawe ni makubwa? Yanaonekana au yamefichwa na nyasi? Maswali mazuri, ya mtu wa kompyuta.

Lakini papa Constant ni msemaji wa harusi zote za Matonge, mtaa wa watu wa kwetu huku, hawezi kuuliza kitu kikavu hivyo. Kakaa mezani kwangu, kakohoa, kaanza:

— Tonton, batoto bananituma. Banalomba kujua, ile kilima yenu iko namna gani?

Mjomba naye si mtu wa kushindwa kwa maneno.

— Kilima yangu? Ukifika kule juu, ndege za Mungu unaziona mugongo.

Wakacheka mpaka wakapangusa macho. Wakala bukari, ugali wetu, na samaki. Na hilo ndilo jibu lililomfikia Hervé: kilima kikubwa sana, mawe makubwa sana, kwa hiyo mashine kubwa sana.

Na mimi nakijua kile kilima! Mjomba alikuwa anafyeka kwa mundu wake wa mpini mrefu, mimi natembea mbele yake naondoa mawe. Ulimi uliniwasha. Lakini bibi harusi anayetia mdomo kwenye mahari yake mwenyewe ataitwa mwenye haraka na waume. Nikaongeza samaki kwenye sahani zao.

Alhamisi, 9 Mei

Kupaa kwa Bwana, hakuna kazi. Hervé, mama yake Maman Victorine, na papa Constant wamekwenda kwa muuza matrakta, nje ya mji. Wamerudi wamepagawa. Trakta jekundu! Lina chumba cha vioo, lina redio, lina hewa baridi. Nyuma linafungwa sahani za chuma zenye visu vinavyozunguka. Maman Victorine kapigwa picha amekalia usukani, kitambaa cha kichwa kinagusa dari. Picha imeshawekwa Facebook.

Nikamuuliza Hervé kwa simu: visu vinavyozunguka kwa kasi hiyo vikikutana na jiwe?

— Le vendeur anasema kuko protection, chérie, kinga ya mawe.

Na likiwa ubavuni mwa kilima, refu hivyo, na vioo vyote vile juu? Akarudia habari za redio.

Kumbe muuzaji aliwaonyesha na nyingine. Magurudumu mawili tu, ya chuma, mapana. Haina kiti. Unashika mikono yake miwili unatembea nyuma yake. Maman Victorine hakutaka hata kuisogelea. Kasema mtoto wake hataoa na kitu cha kusukuma, watu watadhani ni toroli la mjenzi.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekutana na Hervé Matonge, barabara ya chaussée de Wavre, nikiwa nanunua sombe, majani ya muhogo, na dagaa wa Mjomba. Tukakaa kwenye mkahawa wa jirani. Nikavunja adabu zote. Nikamjengea kilima mezani — mfuko wa unga, juu yake koti langu, na kokwa za zeituni ndio mawe.

Akapitisha kiberiti kiwe trakta. Kikaanguka. Akapitisha tena. Kikaanguka. Akakuna kichwa.

Akanieleza vifaa alivyoonyeshwa. Visu vya kuzunguka: vinarusha mawe. Vinyundo vya kuning'inia: vikigonga jiwe vinakunjika tu, havivunjiki, ila vinasaga nyasi zinabaki kama makapi, na ng'ombe anataka majani marefu ya kukauka. Halafu kuna chanuo, chuma kirefu chenye meno, kinakata chini chini kama mashine ya kinyozi. Nyasi zinalala nzima. Lakini jiwe likiingia, meno yanavunjika.

— Alors, hakuna ya kufaa, akasema.

Nikamwambia sisi mawe tulikuwa tunayaondoa kwanza. Yaliyozama ardhini tulikuwa tunayapita kwa juu.

Akaniangalia. Akaangalia kokwa. Akaanza kuongea haraka haraka: ile ya kutembea nayo! Ni fupi, haipinduki. Chanuo lake linapandishwa juu kidogo, linateleza juu ya vibao vya chuma. Na ukitaka unalitoa, unafunga vinyundo, unasafisha ukanda wa kuzuia moto. Nampenda huyu mtu. Anakosea haraka na anarudi haraka, bila kununa. Tukala kilima chetu, yaani zeituni zilizobaki.

Sasa nani atamwambia mama yake?

Jumatano, 15 Mei

Hervé kamwambia mwenyewe. Maman Victorine kalia. Kaniambia kwenye simu kwamba picha ya jekundu imependwa na watu mpaka Kinshasa, sasa ajibu nini? Sikucheka. Ana mtoto mmoja tu wa kiume na anataka aonekane, namwelewa. Lakini sikumwambia yuko sawa.

Papa Constant ndiye aliyetuokoa. Kasema mbuzi wa mahari hukaguliwa meno kabla hajapokelewa, basi na mashine ikaguliwe. Jumatatu ya Pentekoste, kwa yule muuzaji, nyuma kuna machimbo ya mawe ya zamani, mteremko mtupu. Zipande zote mbili. Mjomba atazame.

Jioni nilikuwa nasafisha zulia. Mjomba akatazama ile mashine yangu ya kunyonya vumbi kwa muda.

— Mwadi. Hii kintu yako iko kadogo. Lakini inapita chini ya kiti, haikwame.

— Ndiyo, Mujomba.

— Miye nasema tu.

Nani kamwambia? Au ndiyo macho ya mfugaji? Nikaendelea kunyonya vumbi mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua. Naomba isinyeshe Jumatatu. Au inyeshe — Moba nako kunateleza. Sijui niombe nini.

Jumatatu, 20 Mei

Naandika nikiwa ndani ya gari, mlango wazi, viatu vina tope. Lazima niandike sasa hivi.

Jekundu lilitangulia, muuzaji mwenyewe usukanini. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Maman Victorine kapiga vigelegele. Lilipofika ubavuni, gurudumu la juu likanyanyuka. Kidogo tu. Muuzaji akasimama, akabadilika rangi. Kisha visu vikapata jiwe, jiwe likaruka, likapasua taa ya jekundu lenyewe. Akarudi nyuma polepole. Vigelegele vikaisha.

Ikaletwa ile ndogo. Muuzaji akaishika mikono. Mjomba akatikisa kichwa.

— Huyu muzungu atakuya Moba kunifundisha? Hapana. Anionyeshe ule mwenye kuileta.

Papa Constant akafungua hotuba, kwamba kwa desturi ya wazee mkwe bado hana ruhusa… Mjomba akamshika bega, basi, hotuba ikaishia hapo.

Hervé akatoka nyuma ya gari, macho chini, na viatu vyake vya ofisini. Akaishika. Ikamvuta! Akateleza, akapiga goti, akainuka. Ikapanda. Nyasi zikaanza kulala upande, ndefu, nzima. Moyo wangu juu. Kisha tak! Jiwe. Ikazima.

Nikajua imekwisha. Harusi imekwenda na maji.

Mjomba akavua koti, akanipa mimi. Akampita Hervé bila kumtazama. Akatangulia mbele ya mashine, akainama, akaokota lile jiwe, akalitupa kando. Akaokota jingine. Hakugeuka nyuma. Akapiga hatua, akangoja.

Hervé akaiwasha tena, akamfuata.

Ile ilikuwa kazi yangu. Nimelia hapa hadharani, na koti la Mjomba nimelikumbatia.

Maman Victorine kavua viatu vyake vya kisigino, yuko peku kwenye tope, ananiuliza: ina maana gani ile? Amekubali? Papa Constant anasema hapana, haijawa na maana bado. Jibu linatolewa watu wamekaa, kwa kinywaji, kupitia kwa mshenga. Kabla ya hapo hakuna neno.

Wamefika juu. Mashine imezimwa. Wamesimama bega kwa bega, kila mmoja anatazama nyasi zilizolala. Mjomba anapangusa jasho.

Anaongea. Naona mikono yake, anaonyesha huku na huku, anaongea tu. Papa Constant ameanza kupanda mlima mbio, tai imemruka begani, anapunga mkono wangoje —

Na pale juu hakuna mtu mwingine ila Hervé.