Kaka kwenye kompyuta kuukuu

Shoga, hutaamini!

Si unaijua ile kompyuta ya marehemu kaka? Fundi alisema programu mpya ya muziki haiwezi kufunguka humo mpaka aje leo afute kila kitu, aweke mfumo mpya. Nikasema ngoja nilazimishe mara ya mwisho.

IMEFUNGUKA. Nikabonyeza wimbo wake ambao hakuumaliza.

Shoga, ni yeye! Anacheka, anasema, "We Kidoti, toka kwenye kiti changu."

Na mimi, Kidoti wake, nimekalia kiti chake!!

Mama akaja mbio kutoka jikoni. "Nani huyo?" Akakaa sakafuni. "Mwambie arudie."

Sasa fundi anagonga mlango, na mama amekumbatia kompyuta.