Chupa ya Pili Imekufa

Jumatatu, 3 Novemba
Chupa mbili, vipimo viwili, kama kila asubuhi. Bakteria wanakula umeme na hewa ya kaboni tunayoileta kutoka tanuri la chokaa la Bugarama, wanatoa asidi ya siki. Chupa ya pili ndiyo yenye nguvu. Mwaka mzima tumewazoesha bakteria wake umeme. Ijumaa wageni wa Kigali wanakuja kuamua kama maabara iendelee.

Jumanne, 4 Novemba
Nilichota sampuli ya chupa ya pili mbiombio, niwahi swala ya adhuhuri. Mchana umeme ukakatika. Papa Deo, fundi wetu, akaunganisha betri papo hapo. Nilimwona.

Jumatano, 5 Novemba
Bakteria wa chupa ya pili hawali tena umeme. Siki imekoma. Nikakuta bomba la kuchotea sampuli halijafungwa vizuri tangu jana. Hewa tunayovuta sisi ni sumu kwao. Nimelifunga. Hakuna aliyeniona.
Mkuu wa maabara anasema betri ilichelewa. Papa Deo alitazama sakafu. Nilinyamaza. Mimi ni mwoga.

Alhamisi, 6 Novemba
Papa Deo ameambiwa abaki nyumbani. Nimekutana naye soko la Kamembe, akaniuliza:
“Maman Zaina, bale badudu, ni miye nilibaua?”
Nikasema sijui kama ni yeye aliyewaua. Sijui! Jioni nimeziacha hata sambaza za mama, dagaa wetu wa ziwani.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimemwambia mkuu ukweli kabla wageni hawajafika. Akasema: “Basi utawaeleza wewe.”
Nikaeleza mbele ya wote. Bomba, haraka yangu, uongo wangu. Mgeni mmoja akauliza kama chupa ya kwanza iko hai. Iko hai. Wametupa miezi sita. Mimi nimetolewa kwenye sampuli, nitaosha vyombo. Ni haki.
Jioni nikaenda kwa Papa Deo. Nilisema yote nikiwa mlangoni. Alisikiliza hadi mwisho. Hakunikaribisha ndani.

Jumatatu, 10 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Papa Deo amerudi kazini. Amesalimia watu wote kwa pamoja. Mkuu amegawa bakteria wa chupa ya kwanza, nusu wameingia chupa mpya. Kipimo chake bado sifuri. Huenda wakashika baada ya wiki tatu, huenda wasishike.
Nilikuwa naosha glasi karibu na Papa Deo. Alikuwa anafunga waya. Akanyoosha mkono bila kunitazama.
Nikampa koleo.